Aliyesema Ziwa Limetulia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni kwenye kisiwa cha wakwe zangu, ng'ambo ya Musoma. Miaka ile sabuni ilitafutwa kwa tochi, petroli ndiyo usiseme. Injini ya mtumbwi ililala kibandani kuku wakitagia juu yake, na watu walivuka ziwa kwa kasia. Kwa hiyo kabla ya safari mtu alipanda milima miwili mirefu ya kisiwa kuangalia hali ya hewa. Wewe unayesikia habari za Kilimanjaro usinicheke. Mawe yale yanachuna magoti.

Siku hiyo mtoto wa wifi yangu alishikwa na degedege, na zahanati yetu haikuwa na hata kidonge. Ilibidi afike hospitali Musoma. Nikajitolea kupanda. Kutoka mlima wa kwanza niliona wingu zito, jeusi. Wapiga kasia nao walishaliona kutoka ufukweni, wakasema huko chini kwamba hakuna safari. Wifi akaanza kulia kana kwamba mtoto ameshakufa.

Mimi nikaendelea hadi mlima wa pili, ule mkubwa unaoziba upande wa Musoma. Huko juu nikaona mvua inaelekea Ukerewe, na njia yetu nyeupe. Nikashuka mbio nikawaambia twende.

Baba mkwe, mzee wa maneno machache, aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu ninayo.

"Basi ingia," akasema. "Huku kwetu anayesemaga ziwa limetulia, yeye ndiye anapandaga wa kwanza."

Sikujua kuogelea, mwanangu. Niliogopa. Lakini nilichokiona nilikiona. Nikaingia, nikampakata mtoto. Wapiga kasia wakatazamana, kisha wakanifuata. Mawimbi yalitulowesha, wifi akasali njia nzima, tukafika. Mtoto yule leo ni mzee wa kanisa kule Buhare, na mahubiri yake hayaishi.

Nakaa Nyasura sasa, na watu huja kuniomba ushauri. Kabla sijafungua mdomo najiuliza kama ningekubali kuketi ndani ya mtumbwi ninaotaka kuwaambia wapande. Nawe fanya hivyo. Panda hadi uone pande zote, usitishwe na wingu la upande mmoja, na ukisema twende, uwe wa kwanza kuingia. Mungu akujalie macho ya kuona mbali, na watu wa kukufuata wakikuona umeshakaa.