Baba Mkwe na Kisu cha Tabaka Tatu

Baba mkwe alihamia kwetu Kitale baada ya mama mkwe kufariki, na tangu siku hiyo sikufanya kazi kwa amani. Najua kuna watakaonilaumu kwa kusema hivyo. Hawakuishi naye.

Mimi ni mhunzi. Nina kibanda cha mabati nyuma ya soko, ambamo nafua mapanga na visu vya bucha kutokana na springi kuukuu za lori. Yeye naye alikuwa mhunzi kule Bungoma, tangu kabla sijajua kushika koleo. Basi kila asubuhi akimaliza chai alikuja, akaketi kwenye mtungi uliopinduliwa, akaanza. Ati makaa yangu ni mabichi. Ati nyundo yangu ni ya kuvunjia karanga. Feni yangu ya umeme ndiyo ilimuudhi zaidi.

"Sisi tulipuliza na mvukuto ya ngozi, bana. Na visu zetu ziko mpaka leo."

Ndipo mama mmoja mwenye bucha akaniagiza kisu cha tabaka tatu: chuma kigumu katikati, chuma laini ubavuni pande zote mbili. Kisu kama hicho hukaa na makali, na hakivunjiki ovyo kikigonga mfupa. Unakata kipande cha tupa la zamani, ndicho chuma kigumu, unakibana kati ya bapa mbili za chuma laini, unanyunyiza unga wa boraksi ili chuma kibaki safi kishikane, unapasha moto mpaka vyote viwe vya manjano na uso uonekane kama umelowa. Hapo unatoa na kugonga upesi. Ukitoa mapema, tabaka hazishikani. Ukichelewa, chuma kigumu kinaungua.

Kazi hiyo yataka watu wawili. Mzee akasema yeye atashika koleo na kuangalia moto, mimi nigonge. Baba wa mke wako unamkatalia vipi?

Mara ya kwanza alitoa mapema. Nilipogonga, tabaka zikaachana.

"Umegonga na woga," akasema.

Mara ya pili alichelewa mpaka chuma kikaanza kurusha cheche. Nikamwambia, kwa adabu yote niliyokuwa nayo, "Baba, nadhani tumekawia kidogo."

"Si ni hii makaa yako."

Nikapanga tabaka upya. Mara ya tatu zikashikana, sijui kwa bahati gani. Nilikifua kisu hicho siku mbili, nikakichonga kwa tupa hadi mstari wa chuma kigumu ukaonekana kwenye makali, mwembamba, umenyooka. Ilibaki kukizamisha tu kwenye mafuta ili kiwe kigumu. Kopo la mafuta hukaa kushoto kwa fuawe, siku zote. Nikakitoa motoni, nikakizamisha bila kutazama.

Mvuke ukanirukia usoni. Kisha nikasikia *ti*, sauti ndogo tu. Yalikuwa maji, ambayo hupasua chuma kigumu; kopo la maji lilikuwa limewekwa mahali pa lile la mafuta. Kisu kilikuwa na ufa kutoka makali mpaka karibu na mgongo.

"Nilipanga makopo vizuri," mzee akasema. "Hii kibanda yako ni chafu sana."

Nikapiga kelele. "Baba, tokeni hapa! Mnaniharibia kazi kila siku, tokeni!" Majirani wa vibanda vya karibu wakachungulia. Mzee akainuka, akapapasa ukuta, akatoka. Kesho yake alfajiri alichukua begi lake akarudi Bungoma.

Mke wangu hakuniuliza kitu mpaka nilipomaliza kujitetea. Kisha akasema, "Baba haoni vizuri. Macho yameingia ukungu. Alinikataza nisikuambie."

"Anashika koleo mbele ya moto, na wewe unanyamaza?"

"Ningefanya nini? Ni baba yangu."

Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Mwaka mzima wale wawili walikuwa wanajua, na mimi ndiye niliyekuwa naambiwa makaa yangu ni mabichi.

Jumamosi nilifunga kibanda, nikabeba bapa mpya na kipande cha tupa, nikaenda Bungoma. Nilimkuta uani, amekaa karibu na tanuri lake la zamani lililojaa majani makavu. Nikasimama mbali kidogo, nikasema, "Baba, nilikosea. Sikupaswa kuwapigia kelele."

"Ulipiga kelele kama ng'ombe," akasema. "Lakini nilitoa mapema. Ile ya kwanza. Hiyo najua."

Hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha, na sijapata lingine.

Tulisafisha tanuri. Safari hii mimi nilishika koleo na kuangalia rangi, yeye akagonga. Nilidhani atakosa, kumbe mkono wake ulikwenda palepale nilipoweka chuma. Baada ya mapigo machache akasimama. "Upande ya mbele haijashika. Sikia, inalia kama debe. Rudisha moto." Mimi sikusikia tofauti yoyote. Nikakigeuza, nikaona mwanya kati ya tabaka, nikarudisha. Alikuwa sawa, na hilo nalo liliniudhi.

Mama wa bucha alikipata kisu chake, hajalalamika. Mzee amerudi kwetu Kitale na ameketi palepale kwenye mtungi. Kliniki ya macho amekataa katakata; ati daktari ni mtoto mdogo, atamfunza nini? Nimemfanyia miadi mara tatu. Mara zote tatu, siku ikifika, anaamka na kuumwa goti.