Firigisi Iliyoniponza

Nimejicheka vya kutosha, sasa ni zamu yenu. Jumamosi hapa Amalemba niliwapanga wanangu watatu nyuma ya nyumba, nikawasha takataka na kuwahutubia kama chifu: ndoo ya maji iwe karibu, na mtu asiache moto hata dakika moja.

“Atakayeuacha leo hatakula kuku!”

“Ndiyo, Baba.”

Mara mama yao akaniita jikoni. “Baba Ayuma, imondo imeiva!”

Kwetu imondo, yaani firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba, na ndugu yangu mdogo alikuwa sebuleni akinusanusa. Heshima yangu itafunwe na mgeni? Nikatoka mbio.

Nilikuwa bado natafuna niliposikia mayowe. Moto ulikuwa umefika kwenye kamba ya nguo na kushika suruali yangu ya kanisani. Nilipotokea, watoto walikuwa wameshauzima kwa ile ndoo. Badala ya kushukuru, nikanguruma, “Nani aliacha moto?”

Ayuma, mwenye miaka minane tu, akaweka ndoo tupu chini, akanitazama usoni.

“Baba, hebu fungua mdomo.”