Neno la Kumpa Mjomba

Mama aliniambia habari hiyo huku akianika kanga uani kwetu Bigwa, bila kunitazama.

"Mjomba wako anakutaka Kinole. Anasema kabla hajampokea mshenga, umweleze mwenyewe huyo mtu yukoje."

"Yukoje vipi?"

"Yukoje. Si wewe unayemjua?"

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na anayesimama kumsemea ni mjomba. Baba alishatoa kauli yake mapema, kwamba yeye hana pingamizi, akarudi kwenye redio yake. Lakini mshenga kutoka Gairo asingepokewa mpaka kaka yake mama akubali, na kaka yake mama asingekubali mpaka awe na neno la kuwapelekea wazee wa ukoo. Mimi kwenye kikao hicho sikai. Kwa hiyo chochote nitakachosema kingebebwa na mdomo wa mtu mwingine, na nilijua kisingefika chote. Kilitakiwa kiwe kifupi na kigumu, kitu cha kujitwika kichwani na kutembea nacho.

Hilo ndilo lililoniharibia wiki nzima. Nina shahada. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu wakulima ambao sijawahi kukaa nao hata kwenye benchi moja. Lakini kusema sentensi moja iliyonyooka kuhusu mtu au kitu ninachokipenda, siwezi. Kwenye usaili wa kazi waliniambia, "Jieleze," nikaanza kufikiria wanamtaka yupi kati ya mimi wote, na muda ulipozidi kwenda nikasema, "Mimi ni mtu wa kujituma," maneno niliyomsikia akiyasema dada aliyeingia kabla yangu. Hawakuniita tena. Marafiki wakiniuliza nitakula nini nasema chochote, kisha nakaa nimenuna mbele ya sahani ya hicho chochote.

Kwenye bodaboda ya kupanda Kinole nilikuwa najaribu maneno moja moja. Mkarimu. Mcheshi. Hayo nikayatupa kabla hatujamaliza tambarare, kwa sababu hakuna maiti aliyewahi kuzikwa mtaani kwetu bila kuambiwa alikuwa mkarimu na mcheshi, pamoja na mzee mmoja aliyewahi kunirushia jiwe. Mchapakazi ni neno la kumuagia mtu anayestaafu. Msikivu ni la mwalimu kwa mzazi wa mtoto ambaye hana kitu kingine cha kusifiwa. Nikajaribu msikilizaji, na papo hapo nikasikia sauti ya mtangazaji, mpendwa msikilizaji, nikacheka peke yangu. Dereva akageuza shingo kuuliza kama nimesema nishuke.

Tatizo ni kwamba mtu mwenyewe nilikuwa namwona vizuri kabisa. Ni fundi wa mashine za kukoboa mahindi. Tulikutana alipokuja mjini kutafuta vipuri, akaingia kwenye duka la kutoa kopi nililokuwa nashikilia kwa muda, akitaka kurudufu mchoro wa gia. Akila karanga anaanza na zile ndogo zilizosinyaa, kubwa anaziacha za mwisho. Ukimsimulia jambo anakukatiza: "Subiri, huyo mama alikuwa amekaa au amesimama?" Siku niliyokosa kazi, watu wote walinipa pole na kuniambia Mungu ana makusudi yake. Yeye aliuliza, "Walikuuliza nini hasa? Anza mwanzo." Nikaanza mwanzo, nikalia katikati, na yeye akangoja, kisha akauliza swali lililofuata. Sasa mtu wa namna hiyo anaitwaje?

Nilimkuta mjomba na mkewe wamekaa kwenye vigoda kando ya jamvi la karafuu mbichi, wanatoa vikonyo. Mke wa mjomba sisi tunamwita Mama wa Kinole.

"Shikamoo mjomba. Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda," mjomba akasema. "Ni mapenzi au njaa?"

"Mwache mtoto apumue," Mama wa Kinole akasema, akanisogezea kigoda na bakuli la mihogo. "Kula kwanza. Akishakuanza huyu hutameza."

Nilikula vipande viwili. Mjomba hakusubiri cha tatu.

"Haya. Mtu huyo."

"Ni mtu mzuri, mjomba."

"Mm."

"Ana heshima."

"Kwa nani?"

"Kwa... watu wote."

"Anayeheshimu watu wote ana shida yake. Endelea."

"Ni fundi wa mashine za kukoboa, huko kwao Gairo. Dini yetu ni moja, na nyumbani kwao wana shamba la..."

"Hiyo ni kazi, sikuuliza kazi. Kazi na shamba mshenga atanieleza. Nimeuliza mtu."

Nikaanza kutokwa jasho mgongoni, na Kinole, kwa baridi yake ya mlimani, siyo mahali pa kutokwa jasho. Nikasema neno lililokuwa karibu.

"Mpole."

Mikono ya mjomba ikasimama juu ya karafuu. Mama wa Kinole akasema polepole, "Yarabi, umelisema."

"Mpole nilishapewa," mjomba akasema. "Dada yako mkubwa ndiye aliyenipa. Nikambeba mpole wake mpaka kwa wazee, nikasimama nikasema, jamani, safari hii tumepata mpole. Kumbe wa kununa! Wiki nzima hamsemeshi mkewe, anamtuma mtoto: mwambie mama yako chumvi haitoshi. Mpaka leo wazee wakiniona wanauliza, vipi, hujatuletea mpole mwingine?"

"Huyu hanuni, mjomba."

"Basi yukoje?"

Nilifungua mdomo. Ulikuwa umejaa maneno, na kila nililolishika niliona jinsi litakavyoharibika njiani. Nikisema mdadisi, wataelewa mmbeya. Nikisema mwelewa, wataelewa atakubali kila kitu, na ukoo utamchezea. Mjomba alikuwa anahesabu ukimya wangu kwa vikonyo, anatupa kimoja, anatupa kingine.

"Mpwa wangu," akasema, na safari hii hakuwa na utani, "usiyeweza kumsema humjui. Na kama humjui, mimi nampokea mshenga wa nini? Nitawapigia wasubiri. Mwakani, Mungu akipenda, ukishamjua."

Mwakani. Mtu mwenyewe alishasema kwao wasingeweza kuvumilia posa kusogezwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilisogeza mimi, kwa kufikiri sana.

Mama wa Kinole ndiye aliyenisaidia, au alitaka kujifurahisha tu, sijui. "Na wewe hebu nieleze mimi," akamwambia mumewe. "Miaka yote hii. Mimi nikoje?"

"Wewe?"

"Ndiyo, mimi. Hapa hakuna mwingine."

"Wewe ni mke wangu."

"Hiyo ni kazi. Sikuuliza kazi."

Mjomba akamtazama, akatazama mgomba, akarudi kwake. "Wewe... hupendi mvua."

"Nani anapenda mvua karafuu zikiwa nje? Hata mbuzi hapendi. Unaona? Hata wewe huna neno, unamkaba mtoto wa mwenzio."

"Mimi sitakiwi kukupeleka wewe kwa wazee. Wewe walishakuona. Huyu hawajamwona." Akanigeukia tena. "Yukoje?"

Hapo ndipo nilipochoka. Sikukusudia kupandisha sauti mbele ya mjomba, lakini ilipanda.

"Ananichosha, mjomba! Ndivyo alivyo. Ukimwambia kitu hakubali mpaka akielewe. Nikisema nimekasirika, anauliza nimekasirishwa na lipi. Nikisema yote, anasema haiwezekani yote, anza na la kwanza. Hataki kuambiwa sijui. Juzi nimemwambia mama kasusa, akaniuliza kasusaje, kwa kunyamaza au kwa kuongea sana? Nikajikuta nafikiri, kweli, kasusaje? Hapiti juu ya jambo. Hata akila ugali anakula polepole kama anaukagua, mpaka tunachelewa. Na mimi ambaye sijawahi kumaliza kusema kitu maishani mwangu, kwake namaliza, hata nisipotaka!"

Mama wa Kinole alikuwa ameshika karafuu hewani, hazijui ziende wapi.

Mjomba akaanza kucheka, taratibu, mabega kwanza. "Kumbe ni mbishi!"

"Hapana, mjomba, siyo mbishi..."

"Mbishi. Lakini ubishi wake ni wa kutaka kujua. Huyo sasa namwona. Mbona ulikuwa unamficha?"

"Siyo ubishi. Habishi. Anauliza tu, halafu anasikiliza, ni kama..."

"Haya, haya," akasema, na tayari alikuwa amesimama anatafuta simu yake mfukoni. Alisogea kwenye ukingo wa ua ambako mtandao unapatikana, na kwa kuwa anaongea na simu kana kwamba mwenzake yuko ng'ambo ya bonde, nilisikia yote. Kwa mzee wa kwanza alisema, "Ni mbishi, lakini ubishi wa kutaka kujua." Kwa mzee wa pili akasema, "Mbishi, ila siyo ubishi mbaya." Kwa wa tatu akasema, "Mbishi," na upande wa pili nadhani walicheka, kwa sababu yeye naye alicheka.

Nilirudi Bigwa nikiwa na fungu la mdalasini na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Mshenga angepokewa Ijumaa. Lakini neno lilikuwa limeshuka mlimani kabla yangu. Mama alinipokea mlangoni kwa kusema, "Nasikia ni mbishi," na kabla sijajibu akaongeza, "Afadhali. Mpole wa kwanza ametutosha."

"Mama, siyo mbishi."

"Shh. Wazee wamekubali. Usikoroge tena."

Siku zilizofuata nilikuwa nafikiria kumpigia mjomba kumsahihisha. Naandika ujumbe, naufuta. Ningesema nini? Kwamba neno siyo hilo, ila jingine sina? Nilimweleza mtu mwenyewe kwenye simu, nikitegemea atakasirika ili nipate mwenzangu wa kukasirika naye. Akafikiri kidogo, akauliza, "Mjomba alilisema akiwa amekaa au amesimama?" Nikakata simu. Baadaye nikampigia tena, nikamjibu.

Ijumaa wanaume walikaa sebuleni, na sisi wanawake tukawa uani na masufuria ya pilau, tukitenganishwa nao na pazia na mlango uliokuwa wazi. Mjomba alikuwa ameshuka na wazee wawili. Mshenga alikuwa mzee mwembamba mwenye maneno laini, kofia yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Mambo yalianza vizuri. Waliulizana habari za mvua, za mahindi, za barabara ya Dodoma. Kisha mshenga akaanza kumsifia kijana wao, kama inavyotakiwa.

"Sisi kijana wetu, waheshimiwa, hana neno na mtu. Hajawahi kubishana na yeyote. Ukimwambia twende huku, huku. Ukimwambia kaa, anakaa."

Nilikuwa nimeshika mwiko, nikahisi mama ameacha kupumua pembeni yangu.

"Habishani?" mjomba akauliza.

"Hata kidogo, mzee wangu."

"Ajabu. Mimi nimewaambia wenzangu hawa ni mbishi. Nimeambiwa hivyo na mwenye kumjua." Nilisikia kiti kinalia. "Sasa hapa, ama kuna vijana wawili, ama kuna mtu anatudanganya. Nataka kujua ni nani, kabla hatujaenda mbele."

Mshenga akaanza kusema pengine wamesikia vibaya. Mzee mmoja akasema, "Tulishaletewa mmoja wa namna hiyo hapa, wa kukaa akiambiwa kaa." Mwingine akaguna. Nilijua guno lile. Linafuatiwa na kuaga, na kuaga kunafuatiwa na mwakani.

Na mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu refu, lenye karanga ndani yake, na siku ya usaili, na swali la nani alikuwa amekaa. Nilikuwa tayari kueleza kwamba mshenga amekosea na mjomba amekosea, kwamba kijana habishi wala hakubali, anafanya kitu kingine, na kwamba nikipewa muda kidogo nitalipata jina lake. Hakuna aliyekuwa na muda. Mama alinitazama, kisha akafanya kitu ambacho sikukitegemea kwake: akasogea kando ili nilifikie pazia.

Binti anayeposwa hazungumzi. Nilisimama nyuma ya lile pazia, sura sijaitoa, nikaongea na kitambaa.

"Mbishi, mjomba."

"Nani huyo?" mjomba akauliza, ingawa alijua.

"Mimi. Ni mbishi. Mbishi sana. Huko kwao tu ndiko anakowastahi wazee."

Niliisikia sauti yangu ikilisema, neno nililolikataa wiki nzima, wazi na bila kusita, kama mtu anayejua anachokisema. Wazee wakaangua kicheko. Mjomba alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja, "Mnaona? Mnaona?" Na mshenga, ambaye alikuwa amemjua kijana yule tangu anazaliwa, na ambaye nadhani alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi sote, alingoja kicheko kipungue, akakohoa, akasema kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge kikavu:

"Basi, kama mwenyewe binti amesema. Ni mbishi kidogo."

"Kidogo?" mjomba akasema.

"Sana," akasema mshenga, akaomba maji ya kunywa.

Mama akanipa glasi niipeleke. Nikamwambia binti anayeposwa haingii sebuleni, apeleke yeye.