Tumbo la Mtani Wangu

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kila ninaposikia watu wakicheka sana. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, tunapanga foleni ya sukari kwenye duka la ushirika na tunakula ugali wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano ya msaada, nami nasukuma mkokoteni pale Kariakoo pamoja na Masanja. Yeye Msukuma wa kandokando ya ziwa, mimi Mzaramo wa hapa hapa, yaani watani. Ninyi utani mnausikia tu, sisi tuliuishi. Mtani alikusema mbele ya wakwe zako nawe ukacheka, akichukua kofia yako humdai, na kukasirika ilikuwa aibu kuliko tusi lenyewe.

Masanja alivuta mbele, mimi nilisukuma nyuma. Tulipanga chumba kwa Bi Mwanaheri, mama mtu mzima ambaye alikuwa haongei ovyo, ila akiongea unasikia.

Mwaka ule tumbo la Masanja likaanza kujaa. Nilifurahi, Mungu anisamehe, maana utani ulikuwa umepata chakula. Nikatangaza sokoni kuwa Msukuma ana mimba na aliyempa hajulikani. Wauza nazi wakamuuliza mtoto atamwita nani. Mwisho nikazua kwamba lile ni tumbo la gongo, na Masanja hata togwa ilikuwa haimkai. Naye alijua kujibu: alisema amemmeza Mzaramo mmoja, mgumu, bado hajasagika. Kumbe yeye aliyecheka kuliko wote ndiye aliyekuwa akiumwa. Angetamka kwamba anaumwa tungesema amekimbia utani, na hilo hakuliweza.

Asubuhi moja nilikuwa uani napiga mswaki, Masanja yuko bombani ananawa, kifua wazi. Bi Mwanaheri akatoka. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akabaki amesimama karibu nami.

"Tumbo lake umelicheka masika yote," alisema kwa sauti ya chini. "Mabega yake umeyaona?"

Nikayatazama. Mabega yaliyokuwa yakivuta magunia ya mchele yalikuwa yamebaki mifupa. Na mimi, mwanangu, kwa wiki nyingi nilikuwa nasukuma mzigo ule karibu peke yangu, nikidhani ananitegea. Niliona haya hata kusukutua nikasahau.

"Akifa," akaendelea Bi Mwanaheri, "mila inakuruhusu uingie kaburini mwake ulale, wasimzike mpaka wakupe chochote. Usingoje kaburi. Mzuie sasa hivi."

Siku hizo pale hospitali kuu walikuwapo madaktari wa utafiti, wanawatafuta watu waliokulia ziwani. Walitaka damu na choo. Mjini ilikwishavuma kwamba ni mumiani, na Masanja alikuwa ameapa kuwa damu yake hawaioni. Kuhusu kupeleka choo ndani ya kasha la kiberiti, kama walivyoagiza, alisema afadhali afe. Mficha maradhi, kilio humuumbua, lakini methali pekee haimtoi mtu nyumbani. Nikaushika mkokoteni, nikamwambia nimeuchukua kwa utani, na leo mzigo ni yeye. Pamoja na kiberiti chake.

Hakuwa na njia ya kukataa. Akapanda, akakaa kama bwana harusi, nikasukuma Mtaa wa Msimbazi mpaka kituo cha Fire, tukaingia Upanga. Watu walicheka njia nzima naye akawapungia mkono. Mimi nilikuwa nyuma, namwona mgongo unavyotetemeka. Niliogopa sana.

Tulipoitwa kusikia majibu, daktari, dada mmoja mpole, alisema ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vilimwingia utotoni alipokuwa akioga ziwani, vikawa minyoo, na mayai yake yamekuwa yakikwama kwenye ini miaka yote hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Masanja kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Akatueleza kwamba ini likiumia laweza kuacha alama zake kwenye damu kabla tumbo halijavimba, na hizo alama ndizo wanazozitafuta, ili siku moja mtu agundulike angali na mabega yake.

Masanja alikuwa na swali moja tu. Aliuliza kama ni gongo.

"Hapana," daktari akamjibu. "Hili si ini la pombe."

Masanja akamwomba arudie, kwa sauti, mimi mwenzake nisikie. Daktari akarudia. Nililia pale pale, kijana mzima, wala sikujali nani ananiona.

Dawa iliua minyoo. Makovu ya ini hayakufutika, na mkokoteni hakuuvuta tena. Akawa anauza vitunguu, nami ndiye niliyempelekea magunia. Niliacha kabisa kumtania. Nilidhani ndiyo heshima. Siku moja akanishika mkono juu ya gunia.

"Mtani, kwani nimeshakufa? Nicheke," akaniambia. "Ila ukishacheka, niangalie."

Basi nami nakuachia hilo, mwanangu. Tania, mji huu bila utani haukaliki. Lakini mwenzako akibadilika mwili, usiwe wa kwanza kumtafutia jina. Ulimi hauna darubini. Mpeleke wapime, na akiona haya mbebe na haya zake, na kiberiti ukishike wewe. Na wewe mwenyewe likikuuma, sema, hata katikati ya kicheko.

Mola akupe mtani wa kukucheka ukiwa mzima, na siku mabega yako yatakapopungua, huyo huyo awe wa kwanza kuona. Amina.