Neno Nililomtuma Mjomba

Ipo siku moja siisahau, mwanangu. Nilikuwa nimekaa jikoni kwetu Kinondo, mgongo nimeuegemeza kwenye gunia la vifuu, nasoma peke yangu sura ya homoni, nikafika mahali palipoandikwa dalili za ugonjwa wa sukari. Kiu isiyokwisha. Haja ndogo kila mara. Kukonda. Kidonda kisichopona. Nikainua macho nikamwona Nyanya uani anashona makuti, kata ya maji iko kando yake, mguu mmoja umefungwa kitambaa.

Sina mtoto mimi. Shule nimemaliza juzi tu. Lakini Nyanya ndiye aliyenambia niandike, tena niandike kama mtu anayemwambia mwanawe, kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi. Hata darasani nikisimama kujibu, sauti ilikuwa inaishia kooni. Basi wewe unayesoma nakuita mwanangu, univumilie.

Shuleni kwetu tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa baiolojia. Mtihani wa kidato cha nne ulipokuja nikaanguka somo hilo, na bila hilo chuo cha uuguzi hawakutazami. Nikajiandikisha tena kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikawa nasoma nyumbani. Kusoma peke yako kuna ubaya wake. Hakuna wa kukwambia hapo umekosea, na ukilijua jambo huna hakika kama kweli umelijua. Nilikuwa nafunika kitabu kwa kiganja, najiuliza mwenyewe, najijibu kwa kunong'ona. Nyanya akinisikia hucheka.

"Mke mwenzangu leo anagombana na nani huko jikoni?"

Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu. Kwetu nyanya na mjukuu ni watani. Yeye atasema nimemwibia mume, nami nitamjibu babu alinichagua mimi kwa kuwa mchuzi wake yeye ulikuwa maji matupu. Hakuna anayekasirika.

Siku ile niliweka kitabu chini nikaenda bafuni, nyuma ya nyumba. Sisimizi walikuwa wamejaa pale chini. Mjomba Salim, kakake mamangu, kwa muda alikuwa akiuliza kwa mzaha ni nani anayekwenda kumwaga chai bafuni, na sote tulikuwa tukicheka, Nyanya akiwemo. Mimi sasa nikasimama pale natazama: haikuwa chai, ulikuwa mkojo wa Nyanya wenye sukari.

Nilijua. Lakini nitamwambiaje mtu aliyemzaa mamangu habari za mkojo wake? Nikaona adabu ni kupitia kwa mkubwa. Nikamngoja Mjomba arudi kutoka Ukunda, hotelini anakofua mashuka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwenye deni?"

"Nyanya... nadhani ana sukari. Nimesoma. Kongosho lake—"

"Kongo nini?" Akaangua kicheko. "Hebu njooni mumwone daktari! Baiolojia yenyewe ilikuangusha, leo umeamka unatupima sukari?" Kisha akaona nimeinama, akalegeza sauti. "Mamangu amechomwa na kijiti cha kuti. Kitapona. Lakini haya, nitamwambia."

Hakumwambia. Simlaumu sana, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi hajiwezi kwa uchovu, na nadhani naye aliona haya kumtamkia mamake maneno kama hayo. Mimi sikumuuliza tena. Nilirudi kwenye kitabu. Hapo ndipo pabaya, mwanangu. Niliisoma sura ile ile mpaka nikaijua na nukta zake, na kila nikisikia kata inagonga mtungi nilijiambia: mimi nimeshasema, neno limeshachukuliwa na mtu mzima.

Kidonda kikaanza kunuka. Nyanya akawa anakifunika kwa majani na kuzidisha udi chumbani kwake ili tusisikie harufu. Asubuhi moja tukamkuta anaongea maneno yasiyoshikana, macho hayatutambui. Mjomba akatafuta gari, tukamkimbiza hospitali. Nesi, mwanamke wa bara, alikuwa mpole lakini hakuzungusha.

"Mama huyu anaishi na nyinyi? Sasa hamkuwa mnaona vile anakunywa maji?"

Mjomba akanitazama. Kisha akatazama sakafu.

"Tuliona," akasema.

Mguu ulikatwa juu ya goti.

Akili yake iliporudi, mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye wodini mchana. Sikuweza kumlisha uji huku nimelishikilia lile jambo. Nikamwambia.

"Nyanya, nilijua. Mapema. Lilikuwa kitabuni. Nikamwambia Mjomba akwambie."

Alikisukuma kando kijiko cha uji. "Salim? Salim hawezi kuniambia hata kwamba chumvi imezidi." Akageuza uso kwangu, na safari hii hapakuwa na mzaha ndani yake. "Na wewe, mdomo wa kunisuta mchuzi wangu ulikuwa nao. Huu wa kuniambia naumwa uliupeleka wapi?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini? Wewe ulidhani utani wetu ni wa kuchekea tu? Mwanangu wa kumzaa hawezi kunitajia sisimizi wa bafuni. Mjukuu anaweza. Ungeniambia, ningekurushia hiyo kata, tungecheka, na kesho yake ungenishika mkono tukaja hapa. Umenipa heshima ambayo sikukuomba, nami nimeilipia kwa mguu."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Baadaye, nilipokuwa namfuta jasho, akasema tu: "Liandike. Kusema huwezi, basi andika, kama unamwambia mwanao."

Jeraha halikufunga. Tulimzika Kinondo, karibu na babu.

Mtihani niliufanya baada ya hapo. Swali la insulini lilikuja na nililijibu lote, mkono haukusita. Nimefaulu. Watu walikuja kunipa pongezi, nami nikawa nasema ahsanteni, huku natamani waondoke. Mjomba hakuja. Alikaa nje kwenye benchi mpaka wageni walipokwisha.

Basi, mwanangu, sikukatazi kusoma peke yako. Soma, tena soma sana. Lakini ukikuta kitabuni jambo linalomhusu mtu mnayekula sahani moja, usilisome mara ya pili kabla hujalitamka. Lipeleke kwake mwenyewe, kwa mdomo wako, hata kama unatetemeka. Ukilazimika kumtuma mkubwa, mrudie umuulize kama amefikisha. Akikucheka, mngoje amalize kucheka, kisha sema tena. Huenda ukawa umekosea. Mtu akapimwe, akutwe mzima, mrudi nyumbani wakutanie mwaka mzima. Kutaniwa hakuui. Na kama una nyanya anayekutania, jua amekupa ruhusa ambayo wanawe hawana. Itumie angali anakusikia.

Mwenyezi Mungu aukunjue moyo wako, auondolee ulimi wako uzito, na neno lako la kweli alifikishe kwa mwenyewe angali mzima. Amin.