Nilisema sijaigusa gari, mdogo wangu akakosa mume

Kosa ni langu. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kulizungusha. Muda mrefu nimewaambia watu kwamba ni gari, ni barabara, ni fundi. Si gari, si barabara, na fundi ndiye pekee aliyefanya kazi yake sawasawa. Jina langu naomba lisitoke, maana mama yangu bado anapita mitaa hiihii kwenda sokoni.

Nina duka la mapazia Kariakoo. Nyumbani ni Ilala, tunakaa watatu: mimi, mama, na mdogo wangu wa kike, Zuhura. Baba alishafariki, kwa hiyo mimi ndiye wali wa Zuhura. Ndoa yake ilikuwa ipite mikononi mwangu.

Gari yangu ni ya spoti, Mjapani wa milango miwili. Wenzangu walinunua viwanja, mimi nikanunua gari ambayo haivuki tuta mpaka uipitishe kiupandeupande. Mama aliichukia tangu siku ya kwanza. Alikuwa akishuka humo anashika mlango kwa mikono miwili kama mtu anayetoka shimoni.

Fundi wangu aliitwa Shaibu. Ni mtu wa Lindi, alikuwa na gereji ndogo Buguruni na kazi yake ilikuwa shokapu na springi tu. Mpole, hana maneno mengi. Siku moja aliniletea gari nyumbani, Zuhura akamfungulia geti, na mambo mengine yakafuata yenyewe. Akaleta barua ya posa kwa heshima zote, tukaijibu vizuri. Ndoa tukapanga iwe baada ya mfungo.

Katika kipindi hicho ndipo nikamwambia anifungie shokapu mpya, zile ambazo unaweza kupandisha na kushusha gari utakavyo. Kila shokapu ina ringi mbili za chuma zenye nyuzi. Ya juu inabeba springi. Ukiizungusha kwenda juu gari inapanda, ukiizungusha kwenda chini gari inashuka. Ya chini kazi yake ni kuibana ile ya juu isizunguke yenyewe. Ni hivyo tu.

Shaibu alizifunga siku nzima. Alipomaliza akachora kwenye kila shokapu mstari mdogo wa rangi nyeupe uliovuka ringi zote mbili, akapiga picha kwa simu yake kama alivyozoea kwa kila kazi, halafu akaniita.

"Shemeji, mbele kushoto imekaa chini kidogo, haifiki hata kidole kimoja. Usiiguse. Springi mpya hazijakaa. Tembelea wiki moja, uje na nusu tangi, tutaiweka kwenye sakafu iliyonyooka na wewe ukiwa umekaa kwenye usukani. Hapo ndipo nitaisawazisha."

"Wiki nzima?"

"Wiki moja tu, shemeji."

Jumapili iliyofuata, wiki haijaisha, wenye magari ya kushushwa tulikuwa tunakutana Mnazi Mmoja kupiga picha. Niliegesha mstarini na wenzangu, mmoja wao akainama mbele ya gari yangu, akacheka, akasema, "Kaka, hii gari yako inachechemea." Wote wakageuka kuangalia. Nilitabasamu. Moyoni niliungua.

Nilirudi nyumbani moja kwa moja, nikatoa jeki na ile spana iliyopinda kama ndoano, nikaanza.

Sijui nikueleze vipi ile hasira. Niliipandisha mbele kushoto kidogo, nikashusha jeki, nikaweka vidole kati ya tairi na bodi. Mbele sawa, lakini nyuma kulia kumeshuka. Nikaenda nyuma kulia nikapandisha. Sasa mbele kushoto imerudi chini. Nikashusha mbele kulia ili zilingane, gari nzima ikainamia mbele kama inasujudu. Jasho linaniingia machoni, mikono imejaa grisi. Ukigusa kona moja unaharibu nyingine, na ua wetu wenyewe umewekwa mteremko ili maji ya mvua yaende kwenye mfereji, kwa hiyo hata nilichokuwa napima sikijui. Nilikuwa napigana na sakafu.

Zuhura alitoka kuanua nguo, akanitazama.

"Kaka, kwani Shaibu hakusema usubiri?"

"Shaibu atakuoa wewe, hataoa gari yangu. Ingia ndani."

Jioni ilipofika, ukisimama getini, gari ilionekana imenyooka. Niliridhika. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba zile ringi za chini, zinazobana, nilizikaza kwa mkono tu. Moja sikumbuki hata kama niliikaza. Nikajisemea nitazimalizia kesho. Kesho nikafungua duka, kukawa na wateja wa harusi, nikasahau.

Siku nne baadaye nilikuwa nampeleka mama kwa ndugu yetu mgonjwa. Ilikuwa asubuhi, tumepita Buguruni, barabara ina mashimo. Nilisikia kitu kinakwaruza mbele kushoto kila tukidunda. Mama akauliza, "Baba, hiyo ni nini?" Nikamwambia, "Ndivyo zilivyo gari za chini, mama." Hatukwenda mbali. Tairi ilipasuka, usukani ukavuta, tukapanda ukingo wa mtaro na kusimama kwa kishindo.

Mimi sikuumia hata kucha. Mama alivunjika mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja.

Nilipoinama chini ya gari nikaona kila kitu. Ringi ilikuwa imejizungusha kwenda chini nyuzi kwa nyuzi kwa kila shimo tulilopita, springi imelegea, kona imeshuka, na tairi imekuwa ikijikata kwenye bodi. Niliielewa palepale, nikiwa bado nimepiga magoti barabarani.

Hospitali, mama amekaa kwenye benchi akisubiri kufungwa plasta, baba mdogo akaja na hasira zake.

"Nani aliifunga hiyo gari?"

"Shaibu."

"Na wewe hukuigusa?"

Mama aliniangalia. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa maumivu. Nikasema, "Sijaigusa."

Neno moja. Lilitoka jepesi kuliko pumzi. Nilifikiri nitalirekebisha baadaye, mama akishapata dawa, akishalala. Badala yake, gari ilipovutwa hadi nyumbani mchana ule, nilichukua kitambaa na petroli nikafuta ile mistari myeupe, maana isingelingana tena na yeyote angejua ringi zimezungushwa. Hapo sikuwa na maumivu wala haraka ya kusingizia. Nilifuta mmoja baada ya mwingine, yote minne, kwa utulivu.

Shaibu alifika saa kumi. Akamwamkia mama, "Shikamoo mama, pole sana." Mama akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, halafu akageuzia uso ukutani. Shaibu akaenda uani, akaingia chini ya gari na tochi. Alikaa muda. Alipotoka akajifuta mikono polepole.

"Shemeji, uliigusa?"

"Nimeshasema sijaigusa."

Akazima tochi. Nilitamani anitukane, ili nipate sababu ya kumrudishia. Akasema, "Sawa," akaondoka.

Wiki ile kikakaliwa kikao. Baba mdogo alisema mtu aliyekaribia kumuua mama mkwe kwa uzembe hawezi kupewa binti. Wakamgeukia Shaibu ajitetee. Akasema, "Mimi nilifunga nikakaza. Zaidi ya hapo sina." Wakanigeukia mimi kama wali. Ningeweza kulimaliza kwa sentensi moja. Nikasema, "Tusubiri kwanza hali ya mama." Ilionekana busara. Ilikuwa woga.

Habari zikatoka nje ya nyumba. Kwenye kundi letu la simu la wenye magari mtu akauliza kulikoni, mwingine akajibu kwamba yule fundi wa Buguruni hafungi vizuri. Nilisoma. Sikuandika kitu. Wateja wake wakapungua. Nilikuwa napita pale naona kiti chake kiko nje, naye amekaa, hana gari la kufanyia kazi. Nilianza kupita njia nyingine.

Plasta ya mama ikatolewa. Mkono haukurudi sawasawa, mpaka leo kukamua nazi anamwita Zuhura. Mfungo ukaingia, ukatoka. Siku tuliyokuwa tumeipanga kwa ndoa ikapita, sisi tunakunywa chai kama siku nyingine. Kisha Shaibu akatuma mjumbe wake, kwa adabu ileile, kusema anaondoa posa yake. Alifunga gereji akarudi kwao Lindi.

Nilidhani nitapumua. Badala yake kila kitu kikaanza kunikera: mteja akiniuliza bei mara mbili, mama akishika kikombe kwa mkono wa kushoto, Zuhura akinitengea chakula na kuniambia "karibu kaka" kwa sauti ya mtu wa hotelini. Gari nilishaitengeneza. Niliipeleka kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye karakana ya alaimenti, ya kunyoosha magurudumu, ana sakafu iliyonyooka kabisa. Alinikalisha kwenye usukani, akapima kona zote nne, akazungusha hapa nusu, pale robo, akakaza. Dakika arobaini. Gari ikakaa sawa kama meza. Nilikaa humo ndani nikatamani kulia kwa hasira. Kazi ndogo kiasi kile, na nilichotakiwa kufanya ilikuwa kusubiri wiki moja.

Jioni ile nilimkuta Zuhura uani anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia yote. Ringi, kitambaa, petroli, hospitali. Nilitegemea anipigie kelele.

Hakuinua kichwa. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Shaibu alinionyesha picha siku ileile. Mistari ilikuwepo, na alipoingia chini ya gari hakuiona. Alisikia na harufu ya petroli."

"Kwa nini hakusema kwenye kikao?"

"Alisema hawezi kumuumbua wali wangu mbele ya mama na wazee. Mimi nikamwambia avumilie. Nilimwambia, kaka yangu namjua, atasema mwenyewe. Kila wiki ananiuliza, kashasema? Namjibu, bado, lakini atasema." Akamwaga makapi pembeni. "Mwisho akaacha kuuliza."

Nilimwambia nitakwenda Lindi kesho yake. Nilikwenda kweli. Shaibu alinipokea, akanipa maji, akanisikiliza mpaka mwisho. Alisema amenisamehe. Halafu akaniambia nimsalimie Zuhura, na kwamba wazazi wake walishamposea binti wa hukohuko. Niliporudi nikamwambia mama, nikamwambia baba mdogo, nikaandika na kwenye lile kundi la simu. Watu wakajibu kwa siku moja, kisha wakaendelea na picha za rimu.

Zuhura yuko nyumbani. Ananiheshimu kama kawaida, na hiyo heshima ndiyo siwezi kuivumilia.

Wewe unayesoma, huenda kuna kitu umekiharibu na mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha lawama kwa ajili yako. Usijidanganye kwamba unasubiri wakati mzuri wa kusema. Nenda leo, na mikono yako michafu hivyo hivyo. Pembeni ya huyo mtu yupo mwingine anayekutetea, na uvumilivu wake unakaribia kuisha.