Lori Lililogawanywa Kama Ng'ombe

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kemambo wakati dhahabu ya Nyamongo inachimbwa kwa sururu na mitaimbo, mtoto alilifahamu lori kabla hajazifahamu irabu. Barabara ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Malori yalipita mchana kutwa yakibeba mapipa ya maji, magunia ya mahindi, dagaa, sabuni, na zaidi ya yote magogo. Magogo hayo wachimbaji waliyaita matimba. Ndiyo yaliyozuia kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, zisiwaangukie waliokuwa chini. Watu walikuja kwetu kutoka kila upande kutafuta dhahabu. Baba yangu aliwatafutia matimba na kuwaletea kwa lori, na sisi tulikula kwa matimba hayo.

Nyuma ya zizi tulichimba barabara yetu wenyewe. Ilikuwa na kona, mlima, na daraja la mabua lililovuka kijito tulichokiita Mto Mara. Malori tuliyasuka kwa waya, na matairi tuliyakata kwenye ndala zilizochoka. Hakuna aliyeruhusiwa kupita bila leseni, na leseni zilikuwa vipande vya boksi la sigara. Dada yangu Robi alikuwa mkaguzi wa magari, na hakuwa na huruma hata kidogo. "Lako halina honi. Rudi nyumbani," angekwambia, nawe ungebaki kando ya barabara ukipiga honi kwa mdomo mpaka aridhike. Watoto wa leo huendesha malori kwenye simu. Likitumbukia korongoni wanabonyeza, linasimama tena jipya. Ya kwetu yakianguka, ulikwenda kutafuta waya.

Asubuhi tulikunywa uji wa ulezi, tukaenda shule tukinuka dizeli. Mwalimu wetu alisema angeweza kutuita majina akiwa amefumba macho. Jioni ulikuwa ugali wa muhogo na maziwa mgando, na siku ya ng'ombe kuchinjwa, nyama ya kichuri, iliyopikwa na majimaji ya tumbo la ng'ombe, yenye ule uchungu ambao wageni waliutemea mate nasi tukailamba mpaka vidoleni.

Baba hakuwasha lori kabla ya kulizunguka. Alimwaga maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli, akagonga kila nati ya tairi kwa nyundo ndogo, akalala chali chini ya springi kupiga grisi. Madereva wengine walimcheka, nao walikuwa wakimpita barabarani kwa mbwembwe. Yeye alisema, "Anayesubiri gari liharibike ndipo alitengeneze, atalitengeneza porini." Mara nyingi tuliwakuta hukohuko porini, wamekaa juu ya jiwe.

Lori hilo halikuwa la baba peke yake. Lilinunuliwa kwa ng'ombe wa ukoo. Kaka yake, baba mkubwa Chacha, alitoa madume, na baadaye akauza mengine kwa ajili ya matairi ya nyuma. Mdogo wake, baba mdogo Marwa, alinunua betri. Baba aliendesha, na nyumba zote tatu zilikula. Mambo yalikwenda hivyo bila maneno mengi, mpaka siku ambayo gogo liliteleza wakati wa kushusha mzigo mgodini, likamvunja baba mguu.

Alipelekwa hospitali ya Mugumu, ng'ambo ya Mto Mara, na mama akaenda kumuuguza. Huko hakukuwa na simu ya kuulizana hali. Habari ilisafiri na mtu, na mtu alisafiri akipata gari. Lori lilibaki uani. Wiki zikapita, wachimbaji wakaanza kununua matimba kwa watu wengine, na baba mkubwa Chacha akaitisha kikao.

Hapa inabidi nieleze jambo. Kwetu ng'ombe wa ukoo akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari kina mwenyewe, paja lina mwenyewe, wajomba wana chao na wazee wana chao. Hakuna ugomvi, kwa sababu jambo hilo linajulikana kabla ya kisu kunolewa. Basi baba mkubwa alisimama kikaoni akasema, "Lori lisilo na dereva ni mzoga. Na mzoga huu ulitokana na ng'ombe." Hoja ikawaingia. Siku hiyohiyo akafungua matairi yake ya nyuma, yale mawili ya upande wa kulia, akayavingirisha hadi kwake. Baba mdogo akabeba betri. Sisi watoto tulisimama tukitazama lori letu likikalia mawe upande mmoja, kama mtu aliyekatwa mguu.

Mama alirudi kutoka Mugumu, akalikuta hivyo. Hakulia. Alilizunguka kama baba alivyokuwa akilizunguka, akafungua tangi, akachungulia.

"Dizeli wameiacha," alisema. Kisha akaingia jikoni kupika.

Watu hawakujua, au walijua wakapuuza, kwamba mama alikuwa ameshajifunza kuendesha. Baba alimfundisha kwenye malisho, wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiwakimbia, akimkosoa kila mara kwa kubadilisha gia mapema. Alikuwa na leseni ya kujifunzia, na siku yake ya kupimwa Tarime ilikuwa imekaribia. Lakini anayepimwa kwa leseni ya magari makubwa huja na gari kubwa lake mwenyewe, likiwa zima, na mkaguzi hukagua breki na matairi kabla ya kumkagua mtu. Lori lisiposimama kwa miguu yake yote kabla ya siku hiyo, lingeuzwa kipande kipande, sisi tungeacha shule, na baba angerudi na magongo yake kwenye uwanja mtupu.

Mama alimwendea fundi Shabani, Mwislamu wa Tarime ambaye wazazi wake walitoka pwani, aliyekuwa akitutengenezea lori tangu mwanzo. Wakazungumza. Kisha akamwomba babu, baba wa akina Chacha, aitishe kikao tena, asubuhi, pale zizini, mbele ya lori.

Walikuja watu wengi kuliko walioitwa.

"Mama Bhoke," baba mkubwa alianza, akimwita kwa jina langu, "tumekuja kukusikiliza. Lakini nyama ikishagawanywa hairudi kwenye ngozi."

"Sikuja kudai nyama, shemeji," mama alijibu. "Nauliza tu. Mlichinja lini?"

Watu wakaguna. Baba mdogo Marwa akadakia, "Shemeji, huyu hakuchinjwa, alikufa mwenyewe. Hana hata betri!"

"Betri si unasikilizia redio?" mama akamuuliza.

Wanawake walicheka mpaka babu akagonga fimbo chini. "Mwanamke anasema ng'ombe yuko hai," alisema. "Wanaume wanasema amekufa. Mimi macho yangu hayaoni vizuri. Nionyesheni."

Injini za dizeli za wakati ule hazikuhitaji umeme ili ziungurume. Zilihitaji kuzungushwa tu. Madereva wa mgodini, betri zikifa, waliinua tairi moja la nyuma kwa jeki, wakalizungushia kamba, wakaweka gia, na vijana wakaivuta kamba wakikimbia. Baba mkubwa alikuwa ametuondolea hata kazi ya jeki. Upande wa kulia ulikaa juu ya mawe, hauna tairi, ngoma ya breki ikining'inia hewani. Fundi Shabani aliyazuia kwa mawe matairi yaliyobaki ardhini, mbele na nyuma, akasema bismillahi, akaizungusha kamba kwenye ngoma ile. Lakini ngoma ni ndogo kuliko tairi, kwa hiyo ni nzito kuizungusha, na hakuna kijana aliyetaka kuonekana akimsaidia mama mbele ya baba mkubwa.

Mama hakuomba vijana. Aliagiza maksai wetu wa kulimia.

Mimi na Robi tuliwaongoza, kama tulivyowaongoza shambani kila msimu. Kamba ikafungwa kwenye nira. Mama akapanda kwenye usukani, akakanyaga klachi, akaweka gia kubwa, akaachia klachi, akatoa mkono nje kuashiria tuvute.

Mara ya kwanza maksai walivuta, ngoma ikazunguka, lori likakohoa moshi mweusi, likanyamaza.

"Mzoga nao hutoa upepo," mtu akasema nyuma, na kicheko kikasambaa.

Fundi Shabani hakugeuka kumtazama. Alilegeza bomba za nozeli, akapampu kwa mkono mpaka hewa yote ikatoka na dizeli ikaja safi, akakaza. Akaizungusha kamba upya. Mama akatoa mkono tena. Robi akawachapa maksai, mimi nikapiga kelele zote nilizokuwa nazo, na lori likaunguruma.

Liliunguruma kwa ghafla, kamba ikachomoka, na maksai wale, ambao maishani mwao hawakuwahi kufukuzwa na ngurumo, wakatoka mbio wakiburuta kamba kupitia shamba la maharage la baba mdogo Marwa. Alikimbia nyuma yao akitukana kwa Kikurya. Mama alikaa juu, mkono kwenye gia, hatabasamu. Akaongeza mafuta kidogo. Kuku walitawanyika. Babu, ambaye macho yake hayakuona vizuri, alisogea akaweka kiganja kwenye boneti, akakiacha pale.

"Chacha," alisema, akipaza sauti kuishinda injini. "Mura, mwanangu, ng'ombe anayelia hachunwi. Mrudishie mguu wake."

"Baba, na dereva ni nani? Mwanamke?"

"Hapo juu kwenye kiti unamwona nani?"

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetoa ng'ombe wake na kuogopa kuwapoteza. Mwishoni akaweka sharti: mama akishindwa Tarime, mgao utabaki vilevile. Na yeye angekwenda kushuhudia kwa macho yake. Mama akakubali kabla hajamaliza sentensi. Jioni hiyo matairi na betri vikarudi kwenye lori.

Tulikwenda wote siku ya kupimwa, fundi Shabani akiwa kando ya mama kwa kuwa yeye alikuwa na leseni kamili. Mkaguzi aligonga matairi, akawasha taa, akakanyaga breki, akaingia chini akatoka na grisi begani. Akamtaka mama arudi nyuma kati ya mapipa, akarudi. Kisha wakaenda kwenye mlima. Hapo ndipo wanaume wengi walipoanguka: unasimamisha lori katikati ya mwinuko, halafu unaondoka bila kurudi nyuma hata kidogo.

"Nani ana kitu cha kuweka nyuma ya tairi?" mkaguzi aliuliza. "Kikisagika, ameshindwa."

Watu wakatazamana. Baba mkubwa akavua kofia yake, ile ya kwendea barazani, ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa hata kuigusa. Akainama, akaiweka nyuma ya tairi, tena mojawapo ya yale matairi yake. Mpaka leo sijui kama aliiweka kwa kutumaini mama angeshindwa au kwa kumwamini. Nadhani wakati anainama hata yeye hakujua.

Mama aliachia klachi polepole mpaka lori likatetemeka pale lilipo. Akashusha breki ya mkono. Lori likapanda.

Baba mkubwa aliokota kofia, akaikung'uta vumbi lisilokuwepo, akaivaa. Mama alipotoka ofisini na karatasi yake ya kufaulu, alimkuta ameshapanda nyuma kwenye bodi, ameshika bomba kama utingo.

"Shemeji," alisema kutoka juu, "tukitoka hapa twende Mugumu. Na kona uzichukue taratibu, mimi si gogo."

Tulivuka Mara mchana. Daraja lilipigapiga chini yetu, upepo ulinuka maji na tope la mto, na baba mkubwa nyuma aliimba nyimbo za vijana wa jando ambazo hakupaswa kuimba mbele ya watoto. Tulipoanza kupanda kuelekea Mugumu mama alibadilisha gia mapema kidogo, injini ikalalamika, fundi Shabani akakohoa kwa adabu.

Baba alikuwa amelala wodini, dirisha wazi, mguu ukining'inia kwenye kamba. Alijua kwamba kikao kilifanyika. Alijua kuhusu matairi na betri, kwa sababu habari mbaya haikosi gari la kupanda. Baada ya hapo hakuna mtu aliyekuwa amemfikia. Hakujua kuhusu maksai, wala Tarime, wala kofia. Mgonjwa wa kitanda cha jirani ndiye aliyetusimulia. Alisema baba alikuwa anakula ugali, tonge likasimama hewani. Akawaambia wote wanyamaze. Akasikiliza lori likipanda kutoka mbali, likibadilisha gia, likikata kona ya soko, likizimwa nje ya ukuta. Tulipoingia tulimkuta amefunika uso kwa shuka. Alipoliondoa shuka usoni alimtazama mama, akamtazama kaka yake nyuma yake, akasema, "Pale mlimani umebadilisha gia mapema."

Mama aliendesha lori hilo kwa miaka mingi, mpaka wachimbaji wa sururu walipopungua na matimba yakakosa mnunuzi. Siku hizi mwanangu anaendesha lori jipya kwenye njia zilezile. Taa nyekundu ikiwaka kwenye dashibodi hashuki kuangalia; humtumia fundi picha, anakaa kivulini kusubiri jibu. Simlaumu, hata lori lake lenyewe halitaki kufunguliwa na mtu asiye na kompyuta. Akitoka Tarime ananiambia, akivuka Mara ananiambia, akifika Mugumu ananitumia picha ya chakula anachokula. Najua kila kitu kabla hakijatokea, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana wengi wa enzi zetu walikufa wakisubiri habari.

Ila mwanangu hatajua kulala kitandani bila kuambiwa kitu, akasikia injini moja kwa mbali, na katika sauti hiyo akaelewa kwamba matairi yamerudi, kwamba ndugu zake wamepatana, na kwamba mkewe ndiye aliyeshika usukani.